Mavyaa amekuta chupa saba chini ya kitanda

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia risiti zangu ziko mkononi na moyo umenichafuka. Mimi ni mama wa watoto wawili, tunakaa Kisauni, Mombasa. Mume wangu anafanya kazi bandarini, nami nashona nguo nyumbani. Tangu mfungo sita mavyaa wangu amekuja kukaa nasi. Ni mama mwema, wajukuu wake anawapenda, na mimi sina neno naye. Tunakosana jikoni tu.

Mshahara wa mume ukiingia, mimi ndiye ninayekwenda supamaketi. Napenda ofa. Nikiona kile kikaratasi cha manjano kimeandikwa "nunua 2 upate 1 bure", naona kama kuna mtu kanishika mkono. Nimekulia nyumba ambayo sukari ilikuwa ikiisha kabla ya mwezi, kwa hiyo kabati likijaa nalala vizuri.

Wiki iliyopita mavyaa alikuwa anafagia chumbani akavuta katoni chini ya kitanda. Akakuta chupa saba za sosi ya nyanya, na tatu zimepita tarehe. Akazipanga sebuleni moja moja mbele ya mwanawe, akasema, "Mkeo hanunui chakula, anunua vikaratasi." Mume wangu hakusema kitu, akainuka akaenda msikitini. Shangazi, niliona haya kama mwizi.

Sasa nimekaa nikapiga hesabu ya mwezi mzima. Sabuni ya unga ya kilo ni 300, nikachukua ofa ya pakiti tatu kwa 800. Mkate ni 65, ofa ni miwili kwa 120, nimenunua hivyo mara nne. Yogati ya nusu lita ni 150, nunua mbili upate moja, nimechukua mara tatu. Sosi ni 180, nunua moja upate moja, mara mbili. Na mafuta ya kupikia nikachukua dumu la lita 5 la ofa kwa 1,500. Ukiacha hilo dumu, nimeokoa 100 kwenye sabuni, 40 kwenye mkate, 450 kwenye yogati na 360 kwenye sosi. Jumla ni shilingi 950 kwa mwezi mmoja! Nikamwonyesha mavyaa, akatikisa kichwa tu.

Yeye anataka turudi kwenye kupima dukani: mafuta robo lita kwa 85, sukari robo, sabuni kipande. Anasema hivyo ndivyo alivyolea watoto watano na hakuna aliyelala njaa.

Nitakwambia ukweli wote. Mkate wa pili mara nyingi hufanya ukungu, kwa sababu asubuhi tunakula mahamri zaidi, na huwa natupa nusu. Yogati watoto wanaimaliza siku mbili. Zamani nilikuwa nanunua moja kwa wiki. Na tarehe 19 gesi iliisha nikawa sina kitu, nikafuliza, yaani nikakopa kwa M-Pesa, 1,150 ya kujaza mtungi. Hilo mavyaa halijui. Jambo jingine, juzi ofa ya mkate haikusoma kwa keshia, nikalipa 130, nikaona aibu kurudi.

Nani kati yetu ana haki?

Mama Wawili, Kisauni

*

Marahaba mwanangu.

Kwanza nikutoe haya uliyovishwa. Mtu anayehifadhi risiti za mwezi mzima, akaandika na mambo yanayomwumbua mwenyewe, hachezei pesa za mumewe. Kupangiwa chupa sebuleni mbele ya mume si adabu, hata kama chupa zenyewe zilikuwa saba. Nitarudi kwa mavyaa wako. Kabla ya hapo nipe risiti zako.

Hesabu yako ya 950 umeipiga vile supamaketi inavyotaka uipige. Umechukua bei ya kile ulichopewa bure, ukaiita akiba. Akiba haihesabiwi hivyo. Inahesabiwa kwa kuuliza: kama kikaratasi cha manjano kisingekuwepo, mwezi huu ningetoa shilingi ngapi kwa kitu hiki? Kisha unatazama umetoa ngapi.

Tuanze na yogati, maana hapo ndipo ulipojiona umefaidi zaidi. Zamani ulinunua moja kwa wiki, yaani nne kwa mwezi, 600. Mwezi huu umelipa 300 mara tatu, yaani 900. Watoto wamekula yogati tisa badala ya nne, na mfuko wako umetoa 300 zaidi. Ile 450 unayoiona kama akiba imeingia matumboni mwao. Kama ulitaka wale yogati zaidi kwa ajili ya afya yao, sawa, hilo ni jambo jema na ofa imekusaidia kulifanya kwa bei nafuu. Lakini kwenye barua yako hukusema ulitaka hivyo. Umesema wanaimaliza siku mbili.

Hilo halikukupata wewe peke yako. Mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani, Kusum Ailawadi na Scott Neslin, walichapisha utafiti juu ya kinachotokea nyumbani baada ya watu kununua vitu vingi vya ofa. Waliangalia yogati na kechapu, yaani hiyo sosi ya nyanya. Yogati ikiwa nyingi nyumbani, watu huila haraka zaidi. Kechapu haibadiliki sana. Huwezi kuongeza sosi kwenye chipsi kwa sababu tu kabatini zimebaki chupa nyingine. Nimeisoma barua yako nikaona nyumba yako imeurudia utafiti huo kwa mwezi mmoja: yogati imeliwa mbio, sosi imelala chini ya kitanda.

Basi mambo ni mawili, na ni tofauti. Kuna kitu ambacho kikiwa kingi kinaliwa kingi: yogati, biskuti, soda, juisi, krips. Ofa yake inaongeza matumizi. Na kuna kitu ambacho matumizi yake hayasogei: sabuni ya unga, chumvi, dawa ya meno, pedi, karatasi ya choo. Hufui nguo mara mbili kwa sababu umepata sabuni ya tatu. Hapo ofa ni ya kweli. Kwa hiyo kwenye sabuni una haki kabisa na mavyaa amekosea: pakiti tatu kwa 800 badala ya 900, haziozi, haziliwi na watoto usiku. Umeokoa shilingi 100. Sema tu umeziokoa kwa miezi mitatu, si kwa mmoja, na mwezi huu umetoa 500 zaidi ya pakiti moja uliyoihitaji. Iweke akilini hiyo 500.

Mkate sina haja ya kukaa sana. Umelipa 480, umekula mikate sita, miwili umeitupa. Mikate sita kwa 65 ni 390. Hukuokoa 40, umepoteza 90. Mombasa hii yetu, joto na unyevu vimeungana, mkate uliofungwa kwenye mfuko haukai. Mkate wa ofa ni wa nyumba inayomaliza miwili kwa siku mbili, na yako haimo.

Sosi nayo inauma. Ulikuwa na tatu nyumbani, ukanunua nne zaidi. Hukuihitaji hata moja. Kwa hiyo 360 yote imetoka bure, na "moja bure" mara mbili haijakurudishia hata senti. Chukua kanuni hii ya nunua moja upate moja: faida yako inaanza pale chupa ya pili inapotumika. Ile ya kwanza umelipa bei kamili kama mtu mwingine yeyote. Kwenye nunua mbili upate moja, faida inaanza kwenye ile ya tatu. Ukitumia mbili ukatupa moja, hukupata kitu. Ukitumia moja ukatupa mbili, umelipa bei maradufu.

Halafu mafuta, ambayo wewe wala mavyaa hamkuyatazama. Dumu la lita 5 kwa 1,500 ni 300 kwa lita. Sasa nenda rafuni ukaangalie chupa ya lita moja ya aina hiyohiyo. Juzi nilipita na kalamu yangu nikaikuta kwa 290, nayo haikuwa na kikaratasi chochote. Kama kwenu ni hivyo, lita tano zilizotengana ni 1,450. Umelipa 50 zaidi kwa sababu dumu lilikuwa kubwa na lilikuwa na rangi. Tumezoea kuamini kikubwa ndicho rahisi, na mara nyingi ni kweli, lakini si kila mara. Uingereza sheria inataka bei ya kilo au ya lita iandikwe rafuni kando ya bei ya pakiti, ili mtu alinganishe kwa macho. Huku kwetu hesabu hiyo mara nyingi unaifanya mwenyewe, na simu yako ina kikokotoo. Bei gawa kwa lita, bei gawa kwa kilo. Usione haya kusimama rafuni ukibonyeza.

Jumlisha sasa. Yogati 300, mkate 90, sosi 360, mafuta 50: hizo ni 800 ulizotoa zaidi. Ukipunguza 100 ya sabuni, hasara yako ni 700. Lakini pesa iliyotoka mfukoni mwezi huu ni ile 800 yote, pamoja na ile 500 ya sabuni ya miezi inayokuja, ambayo haikupotea. Ni 1,300. Na mtungi wa gesi ulikuwa 1,150.

Mwanangu, soma hapo tena polepole. Pesa ya gesi ulikuwa nayo. Ilikuwa chini ya kitanda na kwenye pipa la taka. Ukaifuliza tena, ukatozwa asilimia 1 ya kuingia na ada ya kila siku mpaka ulipolipa. Watu wengi wanaopima faida ya ofa husahau kuihesabu hii. Pesa iliyogeuka bidhaa haiwezi kugeuka tena pesa tarehe 19. Mwenye mshahara unaobaki hadi mwisho wa mwezi anaweza kuweka sabuni ya miezi mitatu bila kuumia. Anayefika tarehe 19 hana kitu, hata ofa ya kweli inaweza kumtia kwenye deni. Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja kabla ya vyote: siku ya mshahara, pesa ya gesi, ya tokeni za stima na ya nauli za watoto itoke kwanza, ikae pembeni, ndipo ushike kikapu.

Usidhani nakulaumu kwa kuvutwa. Vitu hivi vimepangwa kuvuta. Bidhaa za ofa huwekwa mwisho wa safu, pale unapogeuza trole, si pale unapozitafuta. Mara nyingi anayegharamia hiyo "moja bure" ni kiwanda, kwa sababu kinataka ujaze kabati lako na ushindani ukose nafasi. Wakati mwingine ni mzigo unaokaribia tarehe. Geuza chupa usome kabla hujafurahi. Na wakati mwingine bei ya zamani inayotajwa haikuwa bei ya kweli. Uingereza mwaka 2013 supamaketi ya Tesco ilitozwa faini ya pauni 300,000 kwa stroberi zilizotangazwa kuwa za nusu bei wakati bei kamili haikuwa imetozwa kwa muda wa kutosha. Mwaka 2015 shirika la wanunuzi la huko, Which?, lilipeleka malalamiko makubwa kuhusu ofa za supamaketi, na mamlaka ya ushindani ikakuta mifano ya bei zinazoweza kuwachanganya na kuwapotosha wateja, ingawa haikusema ni maduka yote. Mwaka uliofuata supamaketi nyingine, Sainsbury's, ikatangaza inaacha sehemu kubwa ya ofa za kununua vingi.

Na serikali zenyewe zimelielewa jambo hili. Uskoti ilipiga marufuku punguzo la kununua pombe nyingi tangu Oktoba 2011. England, kuanzia Oktoba 1, 2025, imekataza maduka makubwa kutoa "nunua moja upate moja" kwa vyakula na vinywaji vyenye mafuta, chumvi au sukari nyingi. Hawakukataza kwa kuwa ofa ni ghali. Walikataza kwa kuwa zinawafanya watu wanunue na wale zaidi. Kama ofa hizi zingekuwa zinapunguza tu bei ya kile ambacho mtu angekinunua hata hivyo, nani angehangaika kutunga sheria?

Risiti zako za zamani usizitupe basi. Ndizo zitakazokuambia kama sabuni ya "ofa" ilikuwa na bei gani miezi miwili iliyopita.

Kuhusu mkate uliolipishwa 130, rudi. Chukua risiti, na kama kikaratasi bado kiko rafuni kipige picha, nenda kwenye meza ya huduma kwa wateja, uliza kwa upole. Shilingi 10 ni ndogo, lakini siku hiyo umelipa bei ya kawaida kwa mkate uliouchukua kwa ajili ya ofa tu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mnunuzi haki ya kupewa taarifa anazohitaji, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inakataza kumpotosha mteja kuhusu bei. Wakikufukuza, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko ya wanunuzi. Ila mara nyingi hufiki huko. Keshia huita msimamizi na unarudishiwa chako. Na kuanzia sasa, tazama kioo cha mashine wakati ofa inasomwa, kabla hujalipa.

Sasa mavyaa. Kwenye kupima hana haki, na umweleze kwa heshima ukiwa na kalamu. Robo lita kwa 85 ni 340 kwa lita. Chupa kwa 290 ni nafuu ya shilingi 50 kila lita. Wanaonunua kwa kupima wanalipa zaidi kwa kila tone, na wanalipa hivyo kwa sababu pesa inawajia kwa siku, si kwa mwezi. Hilo linanisikitisha kila ninapolifikiria: mwenye kidogo ndiye anayeuziwa ghali. Mavyaa wako alilea watoto watano katika hali hiyo, na ustadi wake haukuwa bei. Ulikuwa kujua kila asubuhi nyumbani mmebaki na nini. Ustadi huo wewe huna bado, na nyumba yako inauhitaji kuliko ofa yoyote.

Kaa naye mkekani wakati watoto wamelala, mume asiwepo. Mwambie lile la gesi wewe mwenyewe, asije akalisikia kwingine. Kisha mwombe kazi: siku moja kabla hujaenda supamaketi, yeye apite jikoni, afungue kila kopo, akuambie kilichobaki na kinachotakiwa. Wewe andika. Mkiwa rafuni, kitu kisicho kwenye karatasi hakiingii kikapuni, kiwe na kikaratasi cha manjano au kisiwe nacho. Kilicho kwenye karatasi na kiko kwenye ofa, piga hesabu ya lita au kilo, soma tarehe, chukua. Nenda naye akiweza kutembea. Atauliza maswali ambayo wewe umeshaacha kuyauliza.

Na yogati usiwanyime watoto. Una jirani, una mawifi. Shirikianeni watatu: nunua mbili upate moja ni 300, kila nyumba inatoa 100, kila nyumba inapata yogati moja. Mmepata punguzo lote na hakuna friji iliyojaa. Fanyeni hivyo kwa mkate pia, miwili kwa 120, nyumba mbili, 60 kwa 60, unaliwa ukiwa laini.

Zile chupa tatu zilizopita tarehe zitupe leo. Zilizobaki nne zitoe kwenye katoni, angalia tarehe ya kila moja, mpe mavyaa azipange kwenye rafu ya jikoni, ile inayoisha mapema iwe mbele. Mpaka ya mwisho imalizike, sosi isiingie tena humo ndani hata mkipewa bure.

Shangazi